Kipa Aliyeombwa kwa Kahawa

Zahor hakuanza kama kipa. Alikuwa beki, na beki mzuri, mwenye gongo jepesi na macho yasiyobabaika. Klabu yake ilikuwa Nujumu ya Hamriya, mtaa wa Maskati, na wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wa watu waliorudi kutoka Unguja miaka ya sabini, wakaja na masanduku yao, lugha yao na mpira wa magongo. Mpira wa miguu ulikuwa wa kila mtu. Magongo yalikuwa yao. Wazee walisema waliyajulia Mnazi Mmoja kule Unguja, na vijana wakayarithi kama mtu anavyorithi mkeka wa nyumbani, bila kuuliza umetoka wapi.

Mwaka ambao kipa wa Nujumu alihamishiwa kazi Salala, hakuna aliyetaka kuvaa mapedi. Kipa wa magongo hupigwa. Mpira wenyewe ni mgumu kama kokwa, unakuja kwa kasi ambayo jicho huifuata kwa kubahatisha, na kuvaa mapedi Maskati mwezi wa Mei ni kama kujifunga godoro na kuingia jikoni. Aflah, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefanywa meneja wa timu, alimwendea Zahor huko Wattaya, kwenye duka lake la vipuri nyuma ya maonyesho ya magari mapya. Hakumshurutisha. Alimwambia tu kwamba timu haina kipa, na kwamba hana mwengine wa kumwomba.

Mwaka uliotangulia Zahor alikuwa amemwoa Nasriya, dada yake Aflah.

"Nikivaa, sivui mpaka nitakapochoka mwenyewe," alisema.

"Zeekea humo," Aflah akamjibu. "Tutakuzika nayo."

Walicheka, na Zahor akavaa. Hakulipenda lango siku ile, wala mwaka ule. Alilipenda polepole, kama mtu anavyoizoea nyumba ya kupanga mpaka siku moja akajikuta anagombana na jirani kuhusu mti wa uani. Alijifunza kusimama bila kutikisika. Alijifunza sauti ya mpira ukigonga ubao wa nyuma ya goli, ule ubao mfupi ulio chini, sauti ambayo kipa huisikia mgongoni na hataki kuisikia tena. Nyumbani Nasriya alimkanda mapaja kwa mafuta ya karafuu, akawa anamuuliza kila mara kwa nini asirudi kuwa beki kama watu wengine.

"Kakako kaniomba," alikuwa akijibu. Jawabu hilo lilimtosha miaka mingi.

Hamriya ilikuwa na mahakama yake. Haikuwa na jengo. Ilikuwa viti vya plastiki mbele ya mkahawa wa chai ya maziwa, ulioendeshwa na Mhindi mmoja wa Malabari, mvumilivu, na baada ya laasiri wachezaji wa zamani walikaa hapo kumhukumu meneja. Klabu kama Nujumu hazikuwa na fedha za kununua wachezaji. Zilibadilishana. Klabu hii hutoa winga ikapata beki, ile hutoa beki ikapata kipa, na kila badilishano lilipelekwa mbele ya viti vya plastiki likapimwa: nani kapata, nani kala khasara.

Katikati ya miaka ya tisini Aflah alimtoa winga mwenye mbio kuliko wote na kuleta kipa mrefu kutoka Sohari, akamweka Zahor benchi. Alimwambia ni kwa ajili ya kumpumzisha. Yule kipa alikuwa mrefu kweli, mipira ya juu aliichuma kama embe, lakini ya chini ilipita kati ya miguu yake kama paka anayetoka nje. Msimu haujaisha Zahor alikuwa amerudi langoni. Mahakama ilitoa hukumu ya khasara bila upinzani, na kwa muda mrefu Aflah hakupita njia ile. Alipotaka chai alikwenda kuinywa mtaa wa Ruwi.

Zahor hakumlaumu. Walipomtania kwamba shemegi yake amemwacha kwa ajili ya mnara, alisema meneja ana haki ya kujaribu. Huko benchi hakuwa amelala vizuri hata siku moja, lakini hilo hakumwambia mtu.

Kisha likaja goti. Ilikuwa mechi ya kirafiki isiyo na maana yoyote, mshambuliaji akamwangukia mguuni, na kitu ndani ya goti la kushoto kikatoa sauti ndogo kama ya njugu inayovunjwa. Aflah alimpeleka hospitali kwa gari yake mwenyewe. Daktari alisema goti litatembea, litapanda ngazi, litasali, lakini halitakunjuka tena kwa ghafla upande wa kushoto. Mpira wa chini, wa kushoto, wa haraka, hautamkuta tayari.

Katika kurudi wakakaa ndani ya gari, nje ya nyumba, kiyoyozi kikivuma.

"Haya yabaki humu garini," Aflah akasema. "Wakijua, watakupiga kushoto mpaka uombe talaka."

Zahor akafikiri, kisha akasema atafunga bendeji goti la kulia. Lile zima. Wapinzani wana macho, wataona bendeji, watapiga huko, na huko ndiko atakakowasubiri. Aflah alicheka mpaka akaegemea usukani. Walicheka wote wawili kama watoto walioiba halwa ya wageni, na tangu siku hiyo Zahor hakuingia uwanjani bila bendeji nyeupe kwenye goti la kulia. Hata Nasriya alidhani ndilo bovu. Alilikanda hilo hilo kila Ijumaa, na mumewe akamwacha alikande, akiona haya kidogo, kwa sababu ahadi ni ahadi na gari lilikuwa na watu wawili tu.

Kwa hila hiyo Zahor alicheza misimu mingine na Nujumu ikafika nusu fainali.

Idi ndogo ya mwaka elfu mbili na moja iliangukia Disemba, baridi nzuri. Siku ya pili ya Idi kwao ni siku ya mishkaki. Nyumba ya Aflah ilijaa moshi, watoto walikuwa wanapigania vijiti, na majlisi, chumba cha wageni, ilikuwa imejaa watu waliokaa ukutani na magoti yao yamekunjwa. Zahor ndiye aliyeshika dele la kahawa. Kumimina kahawa siku kama hiyo haikuwa kazi ya mtumishi. Mgeni alimiminiwa na mtu wa nyumba, na nyumba ile Zahor aliihesabu yake. Alizunguka akianzia kulia, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, mpaka akamfikia Mahfoudh.

Mahfoudh alikuwa meneja wa Saqri, klabu ya Sib, mtu mpole mwenye ndevu zilizochanwa na sauti ya chini. Alipokea finjani, akashukuru, na hakunywa. Aliiweka kwenye busati, mbele ya goti lake.

Maneno yakapungua majlisi nzima, kisha yakakatika. Hapakuwa na mtu mle asiyejua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, ana haja, na hatainywa mpaka apewe. Mwenye nyumba akimwacha aondoke na kahawa yake imepoa, habari hiyo itafika sokoni kabla ya mgeni kufika kwake.

"Kunywa kahawa yako, Mahfoudh," Aflah akasema. "Nyumba ni yako."

"Nitakunywa ukinipa."

Akainama, akamnong'oneza. Yalikuwa maneno machache. Aflah alitazama busati, kisha akamtazama Zahor aliyesimama na dele, kisha akaangalia dirishani.

Zahor alikwisha kufahamu, au alijiona amefahamu. Aflah alikuwa na binti, Khawla, aliyekuwa anamaliza chuo. Mahfoudh alikuwa na mtoto wa kiume aliyerudi kutoka masomoni majira ya joto, na watu walikwisha anza kuulizana ataoa wapi. Haja ya Idi, imenong'onwa sikioni mwa baba, na baba hajui aweke wapi macho yake. Ingekuwa nini kama si posa?

"Wewe Zahor," Aflah akasema bila kumgeukia. "Unasemaje? Nimpe?"

Mume wa shangazi huulizwa katika mambo ya binti. Zahor aliona ameheshimiwa mbele ya watu, kifua chake kikajaa.

"Mpe, shemegi. Mtu kaja kwako Idi, utamwacha anywe kahawa baridi?"

Majlisi ikacheka. Mahfoudh hakucheka. Alimwangalia Zahor kwa namna ya ajabu, kama mtu anayetaka kusema jambo na kuona si pahala pake. Kisha akaichukua finjani akanywa, akainyoosha tena. Zahor akammiminia. Akanywa ya pili, akaitikisa finjani kuonyesha imemtosha, na mazungumzo yakarudi kwenye bei za mbuzi.

Jioni ile Zahor alimpa Nasriya habari njema. Nasriya alipiga kigelegele pale pale jikoni, akachukua simu, akaanza kuwapigia jamaa mmoja mmoja. Kufikia asubuhi Khawla alikuwa amesikia kwamba ameposwa, akajifungia chumbani, akatuma ujumbe kupitia mlango kwamba hamjui huyo kijana, na kwa picha aliyoiona ana shingo fupi. Mama yake akasema yeye mwenyewe hajaambiwa kitu. Nasriya akaona huo ni uchungu wa mama, akavaa, akachukua sinia la halwa, akaenda kwa kaka yake kutoa pongezi.

Alirudi kabla ya adhuhuri, na sinia lile lile, halijafunguliwa. Alilitua mezani. Zahor alikuwa anasoma gazeti.

"Aliyeposwa si Khawla," Nasriya akasema.

"Nani basi?"

"Wewe."

Alidhani anamfanyia mzaha. Nasriya akakaa, akaeleza alivyosikia. Saqri hawakuwa na kipa, wa kwao amestaafu, na Mahfoudh alikuja kumwomba Zahor. Badala yake atatoa kipa kijana na Mundhir, yule mpigaji wa kona fupi ambaye timu zote zilimwogopa. Aflah amekubali. Mgeni amekunywa.

Zahor akaenda kwa Aflah miguu mitupu, kanzu tu, bila kofia. Alimkuta uani, anafagia majivu ya mishkaki. Hakuna aliyewasikia mwanzo wa mazungumzo yao, lakini mwisho wake Zahor alimweleza mkewe, na alimweleza mara moja tu. Alikuwa amemuuliza Aflah kwa nini hakumwambia. Aflah akajibu:

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Ulisema mpe."

"Nilidhani ni mtoto."

"Mimi sikusema mtoto. Uliulizwa, ukajibu."

Akaendelea kufagia.

Zahor angeweza kukataa. Hakuna sheria ya michezo iliyomfunga. Lakini kahawa imekwisha kunywewa, na akikataa, atakayeaibika Sib nzima ni Aflah, na nyuma ya Aflah ni nyumba ya wazazi wa Nasriya. Watu wangesema kwa kina fulani mgeni hupewa kwa mkono wa kulia akanyang'anywa kwa wa kushoto. Basi akakunja jezi zake za Nujumu, akampa Nasriya azifue, akaenda Sib.

Kitu cha kwanza alichofanya huko, kabla ya kuvaa mapedi, kilikuwa kumwita Mahfoudh kando ya uwanja. Alimwambia kwamba goti lake moja si zima. Hakutaka baadaye mtu aseme ameuziwa kibovu.

"Nilimuuliza Aflah juu ya miguu yako," Mahfoudh akasema. "Akaniambia ni nguzo za msikiti."

"Basi nirudishe."

"Kilichoombwa kwa kahawa hakirudishwi, ndugu yangu. Na mimi nilikuja kuomba kipa, sikuja kuomba mkimbiaji." Akatazama ile bendeji nyeupe. "Ndilo hilo?"

"Hilo niachie mimi," Zahor akasema, na Mahfoudh akamwachia.

Hamriya, mahakama ilikuwa inakaa kila siku. Hukumu ya kwanza ilikuwa kali. Walisema Aflah ameshikwa na wazimu, ametoa kipa wa timu, mume wa dada yake, katikati ya msimu, kwa ajili ya kipa mtoto na mpigaji mmoja wa kona. Wengine wakasema huyu ndiye yule yule wa mnara wa Sohari, amerudia kosa kwa sababu hakuna aliyemfukuza mara ya kwanza. Palisemwa waziwazi kwamba aachie umeneja.

Miongoni mwa waliokaa hapo alikuwamo Ochieng, fundi wa gereji moja Wattaya, Mkenya, aliyecheza magongo kwao alipokuwa shule na kuyakuta tena Maskati kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani kwenye nchi ya watu. Hakuwa mtu wa Nujumu wala wa Saqri, kwa hiyo walimpenda kama shahidi. Siku moja aliingia dukani kwa Zahor kununua bearing ya gurudumu, na bearing ikiwa tayari kwenye mfuko hakuondoka.

"Boss, kuna kitu nataka kukwambia na usinikasirikie."

Zahor akamwambia aseme.

"Jana Aflah alikuja pale kwa chai. Watu wakamkalia mbaya, wakamwambia amekula hasara. Si ndiyo akaanza kucheka. Akasema nyinyi hamjui, nimempa Mahfoudh goti bovu, nimechukua wazima wawili."

Zahor aliuliza watu walisema nini.

"Walicheka hadi chai ikamwagika. Wakasema hiyo ndiyo biashara. Sasa hivi yeye ni mjanja kuliko wote." Ochieng akashika mlango. "Huyo ni shemeji yako ama ni nani? Mimi kwetu shemeji hawezi kunifanyia hivyo."

Usiku huo Zahor alimweleza Nasriya yote, pamoja na ya garini. Nasriya kwanza alikasirika kwa ajili ya goti, kwa miaka ya kukanda lisilo bovu. Kisha akageuka kumtetea kaka yake, na alimtetea kwa nguvu, kwa sababu alikuwa amelelewa naye na alimkumbuka akimvalisha yeye viatu. Alisema hayo ni maneno ya kahawani. Alisema Aflah huongea akibanwa, tangu utotoni, na goti bovu kila mtu anaweza kulisema, si bendeji imefungwa hapo siku zote watu wanaiona? Hata hakusema goti gani.

"Hajasema la kushoto," akasema. "Kama angetaka kukuuza angesema la kushoto. Usimhukumu kakangu kwa maneno ya fundi."

Zahor akakubali. Alitaka kukubali. Kulikuwa na mizani moja tu iliyobaki, naye aliijua, na mkewe pia aliijua. Nujumu na Saqri zilikuwa zikutane Februari. Wakimpiga kulia, kwenye bendeji, basi Aflah alikuwa amejigamba tu mbele ya wazee, na siri ya gari ingali ndani ya gari. Mtu husamehewa kujigamba. Wakimpiga kushoto, hakuna mwengine duniani aliyewaambia.

Siku zilizofuata Aflah alikuja mara mbili nyumbani kumwona dada yake, akaleta machungwa. Alimsalimia Zahor vizuri. Zahor alimsalimia vizuri. Walizungumza mvua iliyonyesha Nizwa. Kila mara Nasriya alikaa kati yao akimtazama mmoja na kisha mwengine, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Siku ya mechi jua lilikuwa jepesi na uwanja umemwagiwa maji. Mahakama yote ya Hamriya ilikuja, wamekodi basi dogo. Zahor alifunga bendeji yake mpya goti la kulia, nyeupe mno, akaikaza kwa makusudi mbele ya watu. Hakuomba ushindi siku hiyo. Aliomba wampige kulia. Alikuwa radhi hata wamfunge kulia.

Nusu ya kwanza haikuwa na jambo. Mpira ulikaa katikati, magongo yakagongana, mwamuzi akapuliza mpaka akachoka. Nusu ya pili Nujumu wakapata kona fupi. Mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa goli, wa pili anausimamisha juu ya duara, wa tatu anapiga, na wa tatu alikuwa Mundhir. Wachezaji wa Nujumu wakakusanyika. Zahor aliwajua wote, alikwisha kula katika nyumba zao. Aliona mmoja wao akiinua kichwa kumtazama mguu wa kushoto na kukishusha haraka.

Mpira ukasukumwa, ukasimamishwa, ukapigwa.

Ulikuja chini, kushoto, ukikwaruza majani.

Hakuwa na wakati wa kuhuzunika. Mguu wa kulia ulimsukuma kabla ya akili yake kusema lolote, pedi ya kushoto ikalala chini kama kizingiti, na mpira ukagonga ukatoka nje. Saqri wakapiga makelele. Zahor akainuka akijipangusa maji usoni. Moja si ushahidi, akajiambia. Mpigaji ana upande wake anaoupenda.

Kona ya pili wakampa mtu mwengine apige, si Mundhir. Kushoto.

Ya tatu wakajifanya wanapiga kulia, Mundhir akageuza mwili kulia kabisa, na mwishoni akaupeleka mpira kushoto.

Mapigo yote aliyazuia. Aliyazuia kwa sababu alijua yatakakokwenda, na alijua kwa sababu walikuwa wameambiwa. Alikuwa akihama kushoto kabla gongo halijanyanyuka, akiuacha upande wake mzima wazi kabisa, mlango bila pazia. Mtoto mdogo angeuona. Hakuna aliyepiga huko, maana agizo lilikuwa kushoto, na vijana wa Nujumu walikuwa vijana watiifu. Kila mpira uliogonga pedi yake ulisema jina lile lile. Benchini, Aflah alikuwa amesimama, mikono nyuma. Kati ya kona ya tatu na ya nne Zahor alimtazama. Uwanja mzima ulikuwa kati yao, lakini Aflah aliona kwamba ametazamwa, akakaa.

Ya nne nayo ilikwenda kushoto. Kisha Saqri wakapata goli moja la kuvamia, la ovyo, na mechi ikaisha.

Wachezaji wa Saqri walimbeba. Mahfoudh alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia katika umri wake wote hajaona kipa akisoma kona namna hiyo, akamuuliza alijuaje. Zahor alisema ni bahati. Basi dogo la Hamriya lilisimama kidogo karibu naye likitafuta njia ya kutoka. Vioo vilikuwa wazi, na kesi ilikuwa imekwisha funguliwa upya humo ndani. Walikuwa wanasema Aflah ni mpumbavu, tangu lini mtu akatoa kipa kama yule kwa mpigaji wa kona asiyepata hata moja. Walikuwa wanasema hili ni badilishano baya kuliko lote, mnara wa Sohari ulikuwa afadhali. Mmoja wao, aliyecheka zaidi ya wote kwenye chai ya goti bovu, alitoa mkono dirishani akampa Zahor hongera. Ochieng alikuwa kiti cha nyuma. Yeye alimtazama tu, akatikisa kichwa polepole.

Nasriya alikuwa hakuja uwanjani. Alisema hawezi kukaa upande wowote. Zahor alimkuta jikoni, mchele umekwisha oshwa na haujawekwa motoni, na yeye amekaa kwenye kigoda mikono juu ya magoti. Hakumuuliza nani ameshinda.

"Walipiga wapi?"

"Kushoto."

"Ngapi?"

"Zote."

Akatafuta kitu cha kumtetea nacho kaka yake. "Labda huyo Mundhir," akaanza, kisha akaacha. Akainuka akauinua mchele kuuweka jikoni, akausahau mkononi, akauweka tena pale pale. Zahor alivua viatu mlangoni. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka soksi imeacha alama, na kwa mara ya kwanza alikaa kitako akaunyoosha mbele ya mkewe bila kuficha. Nasriya akaleta mafuta, akapiga magoti, akaanza kukanda goti lenyewe.

Simu ya sebuleni ikalia. Ililia mpaka ikanyamaza, kisha ikalia tena, na wote wawili walijua ni nani anayepiga mara mbili mbili namna hiyo. Nasriya alijipangusa mafuta kwenye kanga, akaenda. Zahor alimsikia akiitikia salamu ya kaka yake, akimuuliza khali ya watoto, akimuuliza Khawla kama amepona mafua. Halafu akawa anasikiliza tu, Aflah anazungumza upande wa pili, kwa muda mrefu.

"Hayupo," Nasriya akasema. "Hajarudi." Akasikiliza tena. "Sijui, Aflah. Sijui atarudi saa ngapi."

Akaweka simu taratibu, akarudi akapiga magoti pale pale, akaushika tena mguu wa mumewe.